Ugonile, Tusajigwe?

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Mwanangu Tusajigwe,

Ugonile? Nimeanza na Kinyakyusa makusudi, kwa sababu "hujambo" haiulizi ninachotaka kujua. Nataka kujua kama umelala. Juzi ulipiga simu saa tano usiku, na kesho yake saa kumi alfajiri ulikuwa hewani, mdogo wako Ambakisye amenionyesha. Katikati hapo ulilala saa ngapi? Usinijibu kwa kicheko.

Naandika kwa kalamu, yeye atapiga picha akutumie. Kwenye simu vidole vyangu vinabonyeza herufi mbili mbili.

Siku unaondoka ulisema, "Baba, kama unaogopa, kaa kwenye kompyuta uendeshe mwenyewe, utaona." Basi nimekaa, sasa ni wiki ya pili. Mama yako anasema amepata mke mwenza. Na Jumatatu ijayo ndiyo unaanza mafunzo ya kuendesha treni ya umeme, kwa hiyo niliyoyaona nayaandika leo, yasije yakakukuta umeshavaa sare na husikii la mtu.

Nilidhani mchezo wa treni ni kubonyeza kitufe, treni ikaondoka. (Najua hutaki uitwe mchezo. Unaitwa simyuleta, nimesikia.) Ambakisye alianza kwa kunieleza kwamba hiyo Open Rails ni ya bure, imetengenezwa na watu wanaojitolea tu, na kwamba yenyewe haiji na reli wala kichwa cha treni. Ni kama kupewa leseni bila gari. Reli unazileta kando, na wewe ulizitoa kwenye ile diski ya Microsoft ya mwaka 2001, njia sita, Uingereza, Austria, Marekani, Japani. Nikachagua Marias Pass, kule Montana, kwa sababu nilisikia ni mlima, na mimi milima naijua.

Miaka ishirini na saba nimeshika Scania, lakini kichwa kile cha Dash 9 kilinikalisha jioni nzima bila kusogea hata hatua. Nabonyeza D, injini inanguruma, treni imeganda. Mdogo wako anacheka mpaka anajishika mbavu. Kumbe breki zilikuwa zimekamata mabehewa yote. Mpaka ubonyeze kile kitufe cha nukta mkato, halafu usubiri upepo usafiri bomba zima hadi behewa la mwisho. Ukibonyeza F5 unaona namba za upepo zinavyopanda polepole, mpaka 90, ndipo W ya kwenda mbele, ndipo D moja, siyo tatu. Mara ya kwanza nilipofanikiwa kuondoka niliongeza moto kwa pupa, kiungo cha behewa kikakatika, nikaenda na kichwa na mabehewa sita, mengine nikayaacha stesheni. Hapo nilicheka na mimi.

Jambo moja limenifurahisha, na nimemwambia kila mtu hapa mtaani. Kilele cha hiyo Marias Pass, milima ya Marekani wanayoisifia, ni mita 1,589. Sisi hapa Uyole reli ya TAZARA inapita mita 1,789, ndiyo sehemu ya juu kuliko zote katika kilomita zake 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Mita mia mbili juu yao, nyuma ya shamba letu la viazi! Babu yako aliyebeba kokoto kipande cha Mlimba na Makambako angefurahi kulisikia hilo. Kwa nini hakuna aliyeitengeneza hiyo ya kwetu niendeshe? Kama ipo nitumie.

Kushuka sasa. Hapo nilikuwa mwanafunzi mzuri, hata Ambakisye alikiri. Mteremko wa Kitonga umenifundisha: anayekanyaga breki kila kona anafika chini hana breki. Na treni ni hivyo hivyo, ila mbaya zaidi. Upepo unaoufungulia breki ndio huo huo unaojaza matangi ya mabehewa. Ukikamata, ukaachia, ukakamata tena kabla matangi hayajajaa, kila mara unabaki na nguvu kidogo kuliko mwanzo, na treni ya mizigo ya Kimarekani haikuruhusu kuachia nusu. Ukiachia, zinafunguka zote. Kwa hiyo nikafanya kama kwenye lori. Nikapunguza mwendo juu kabisa kabla ya mteremko, nikatumia ile breki ya mota, vitufe vya mkato na nukta, ambapo mota zinageuka kuwa jenereta na ule umeme unachomwa kuwa joto darini kwa kichwa. Ni gia ndogo na breki ya egzosi, kwa jina lingine. Nilishuka bila kupita mwendo wa kibao hata mara moja. Nikajisikia kijana.

Nikasema moyoni, mwanangu ana haki, hakuna cha kuogopa hapa.

Halafu siku ya nne nikasikia kwamba kuna kengele. Ambakisye alikuwa ameizima kwenye mipangilio, anasema inamkera. Nikamwambia aiwashe. Wewe unaijua kuliko mimi: ukikaa muda bila kugusa chochote inalia, unabonyeza Z kuthibitisha uko macho, usipobonyeza treni inajifunga breki yenyewe. Nikaifurahia sana. Nikasema kumbe wazungu wamemfikiria dereva.

Alhamisi usiku nikaanzia upande wa mashariki, kule Shelby. Kule hakuna mlima. Ni nyasi, reli imenyooka, nyasi tena, mlima unauona mbali kama uko Chimala unautazama Uporoto. Nilikuwa nimelima asubuhi. Kesho yake Ambakisye akanionyesha video aliyonirekodi kwa simu. Baba yako ameegemea kiti, mdomo wazi, macho yamefumba kabisa, anakoroma. Kengele inalia. Mkono unanyanyuka wenyewe, unabonyeza Z, unarudi pajani. Kengele tena. Mkono tena. Mara nne, Tusajigwe. Mara nne nimeiambia mashine niko macho, na mimi sipo.

Nimemwambia aifute. Kama alishakutumia, iangalie mara moja tu, halafu nawe uifute.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na hilo nalo unaweza kulicheka. Treni yako itakwenda kilomita 160 kwa saa. Nimepiga hesabu nyuma ya kalenda: ni mita 44 kila sekunde. Ukifumba macho sekunde tatu umepita mita 133, uwanja wa mpira na zaidi, na huko nyuma yako kuna watu wamelala kwa amani kwa sababu wanajua wewe hujalala. Mimi kwenye lori, mwendo wa themanini, sekunde tatu zilikuwa karibu mita sitini na saba. Na zilitosha.

Kitonga hakuna anayesinzia. Hilo nakuambia kwa sababu sidhani chuoni wanalisema hivi. Kwenye kona na mteremko roho iko juu, hata usingizi unaogopa. Unakuja tambarare, ukishapita hatari, Igawa kwenda Igurusi, alfajiri, barabara imenyooka na redio inakwaruza. Na hauji kama usingizi. Unakuja kama wazo zuri. Unajiona bado unaendesha, unaona barabara kabisa, kumbe barabara unayoiona ni ya ndoto. Kwenye Scania hapakuwa na kengele. Palikuwa na karanga, Big G, maji ya baridi usoni, na vitu vingine ambavyo sitaviandika kwenye barua ya binti yangu. Vyote vinafanya kazi mpaka siku havifanyi.

Ule mkwaruzo mrefu wa ubavu wa kushoto wa Scania, uliokuwa unapenda kuupitisha kidole ukiwa mdogo, niliwaambia ni ng'ombe wa Usangu walikatiza. Hapakuwa na ng'ombe.

Basi. Tuendelee.

Ninachotaka siyo uache kazi. Mama yako ndiye anayetaka, mimi nilishanyamaza. Najua nilisema maneno kuhusu hiyo kompyuta. Najua niliichomoa ukiwa katikati ya safari yako ya Austria, nikasema umeme wa luku haununuliwi ili mtu azurure milima ya watu. Ile hela ulisema ni ya mafunzo kwa vitendo, ukanunulia kompyuta iliyotumika, nikaona umenidanganya, na mpaka leo naona ulinidanganya kidogo. Lakini kanisani wiki iliyopita mzee mmoja aliniuliza yule binti wa umeme yuko wapi, nikasimama wima kuliko ninavyosimama siku hizi na mgongo huu, nikamwambia anakwenda kuendesha treni ya umeme. Akasema, treni ya mwendokasi? Nikasema hiyo hiyo, ya reli ya upana wa milimita 1,435, siyo hii yetu ya 1,067. Namba zote nilikuwa nazo. Alikosa la kusema.

Kwa hiyo kaendeshe. Ila siku mwili umekataa, sema. Sema kabla hujapanda, mwambie yeyote aliye juu yako: leo sijalala. Watakununia. Mtu atasema hawa wasichana ndivyo walivyo, na hapo ndipo utakapotaka kupanda ili umwonyeshe. Usimwonyeshe. Mimi tajiri wangu aliniambia mzigo lazima ulale Tunduma, nikasema sawa tajiri, huku nina usiku wa pili. Hakunilazimisha kwa bunduki. Niliona aibu kusema nimechoka, basi, aibu tu. Na wewe aibu hiyo unayo, umeirithi kwangu pamoja na hiyo pua.

Usiitegemee kengele. Kengele inauliza mkono, na mkono ni mwongo. Kule kwenye treni halisi huenda zina akili zaidi ya hii ya Ambakisye, utanieleza, lakini mwanadamu ni yule yule. Na hiyo tabia ya kukesha kwenye simyuleta usiku wa kuamkia kazi, eti unajifunza, iache. Nimeuliza mdogo wako, anasema unaweza kubonyeza F2 ikahifadhi safari palepale ulipofika, ukaendelea kesho. Sasa kama treni yenyewe imekubali kusubiri, wewe unakesha kumsubiri nani?

Nyumbani tunaendelea. Viazi tumevuna gunia kumi na nne, vingine vimeguswa na ugonjwa wa majani kwa sababu mvua zilizidi, na dawa nilichelewa kupiga kwa kushinda kwenye kompyuta yako. Usimwambie mama yako nimekubali. Parachichi mbili za mbele zimeanza kuzaa. Choo cha nje tumeezeka upya. Luku ya mwezi huu imepanda na kila mtu ananitazama mimi. Sweta lako la bluu ulilisahau, mama yako analifunga na mahindi kidogo na chai ya Rungwe, vitakuja na basi la Jumatano, nenda uvipokee mwenyewe, usimtume mtu. Nimemwambia huko kwenu ni joto hakuna haja ya sweta, akasema ndani ya hizo treni wanawasha ubaridi. Amejuaje, sijui.

Gunia la mjomba wako wa Mwanjelwa nimelipeleka juzi, lile kubwa la viazi visivyo na doa. Amekusalimia. Ule mkono bado haunyooki, baridi ya mwezi wa saba inamsumbua, lakini anashikia kikombe sasa. Zamani ulikuwa ukiuliza huyu ni mjomba kwa upande gani, mbona si Mnyakyusa na mbona mama hana kaka anayeitwa hivyo. Alikuwa utingo wangu. Nilimweleza habari zako akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama ndani ya treni dereva anakaa na mwenzake au peke yake. Nilishindwa kumjibu. Ukiandika nijibu na hilo, nimpelekee.

Ambakisye anataka kompyuta, ana majaribio Jumanne. Nimemwambia anipe dakika kumi nimalizie safari ya Alhamisi niliyoihifadhi, niko maili chache kabla ya mlima.

Ukipokea mzigo piga simu, lakini iwe mchana.

Ndaga mwanangu,

Baba yako