Barua ya wazi kwa mashemasi mnaongoja daraja la ukasisi

Wanangu,

Marahaba. Nimesikia mnayozungumza baada ya mafungo: nani atapangiwa mjini, nani atapelekwa shamba, nani siku moja atakuwa Mkuu wa Kanisa Kuu, yaani kasisi anayeliongoza kanisa la askofu. Siwalaumu, nami nilikuwa kijana. Ila kabla askofu hajawawekea mikono, nataka niwaeleze habari ya mkuu mmoja na nyumba yake.

Desmond Tutu wa Afrika Kusini alianza kama mwalimu wa shule. Serikali ya makaburu ilipoleta elimu ya kuwadunisha watoto weusi, akaiacha kazi. Akapewa ushemasi 1960, ukasisi 1961, akasoma London, akafundisha theolojia. Mwaka 1975 akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa Mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria, Johannesburg. Kiti chenyewe kilikuwa cha moto. Gonville ffrench-Beytagh, aliyewahi kukikalia, alikamatwa 1971, akahukumiwa kifungo cha miaka 5, akaponea kwenye rufaa.

Sasa hiyo nyumba. Makao ya mkuu yalikuwa Houghton, mtaa wa Wazungu, na mtu mweusi hakuruhusiwa kuishi huko bila kibali maalumu. Tutu na mkewe Leah wakakataa kukiomba. Wakaenda kukaa Orlando West, Soweto, kwenye mitaa ya watu weusi.

Tafadhalini, hapo msipite haraka. Mtu aliyelala Soweto aliwasikia vijana wa Soweto. Mei 1976 alimwandikia waziri mkuu John Vorster kumwonya kwamba uvumilivu wa watu weusi unakwisha na damu itamwagika. Hakusikilizwa. Tarehe 16 Juni wanafunzi waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu, wakapigwa risasi. Waliokuwa wakikaa Houghton walishangaa. Yeye alikuwa ameshasema. Ukuu wake haukufika hata miaka miwili, mwaka uleule akawa askofu wa Lesotho, lakini mimi naamini miezi ile ya Soweto ndiyo iliyompa sauti tuliyoisikia baadaye.

Na kwa nini nawaambia haya? Nilipokuwa kasisi kijana nilipewa nyumba nzuri yenye ukuta na mlinzi. Usiku mmoja alikuja mama, mumewe yu mahututi, anataka kasisi ampelekee sakramenti. Mlinzi akamwambia nimelala, arudi asubuhi. Asubuhi alirudi kweli, kanga amejifunga kiunoni, kuniuliza nitazika saa ngapi. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Nimezika watu wengi tangu siku ile, wengine wakubwa wa nchi, na kaburi ninalolikumbuka kila Jumatano ya Majivu ni la mzee yule.

Mkipangiwa nyumba, popote iwapo, kabla hamjauliza ina vyumba vingapi, ulizeni geti hufungwa saa ngapi na ufunguo hukaa kwa nani.

Baba yenu katika Kristo,
kasisi mstaafu