Kompyuta imesema mwanangu hana shida, sasa anachapwa

Ndugu mshauri, habari za kazi.

Naandika kutoka Uyole, Mbeya. Nina mtoto wa kiume wa miaka 9, yuko darasa la tatu. Ukimtuma chumvi dukani anakaa nusu saa, anarudi mikono mitupu, lakini atakusimulia malori yote yaliyopita, yapi yameshika njia ya Tunduma na yapi yamekata kwenda Kasumulu. Fungua daftari lake la hisabati: tarehe ipo, swali la kwanza amelipata, la pili limeishia katikati, chini yake kachora lori. Kurasa zote ni hivyohivyo. Mkono wa kushoto wa sweta la shule ameutafuna mpaka nyuzi zinaning'inia. Yuko hivi tangu chekechea, nyumbani, shuleni, hata kanisani.

Mwalimu wake, mama mtu mzima anayempenda kweli, ndiye aliyenishauri. "Mama, huyu akili anazo, ila hazitulii. Mpeleke akaangaliwe." Nikampeleka kwenye kituo kimoja binafsi nilikoambiwa wana kipimo cha kompyuta cha ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuzingatia jambo.

Walimkalisha kwenye chumba kimya. Herufi zinatokea mojamoja kwenye kioo. Kila ikitokea unabonyeza kile kitufe kirefu cha chini, isipokuwa ikija X, hapo unaacha. Dakika 14 hivi. Mshauri, mtoto huyu alikuwa hajawahi kugusa kompyuta. Nilimchungulia mlangoni: ameinama mbele, hapepesi macho, utadhani ndiye anayeendesha lori. Wakatoa karatasi yenye grafu, wakasema yuko sawa na wenzake wa umri wake, hana ADHD. Hakuna aliyeuliza analalaje, hakuna aliyempima masikio wala macho, na mwalimu hakuulizwa neno.

Nyumbani ndiko mambo yalikoharibikia. Baba yake si mtu mbaya, anamhangaikia mtoto kuliko anavyosema. Lakini aliishika ile karatasi akaniambia, "Si umeona? Mashine haina upendeleo. Mtoto ni mzima, ni jeuri tu." Fimbo tuliyokuwa tumekubaliana kuiacha ikarudi. Siku ya kufunga shule mtoto alisahau sweta darasani, akachapwa. Alilia akisema, "Baba, nilikuwa nakumbuka, halafu nikasahau." Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo.

Nimekuwa nikisoma usiku kwenye simu. Nilivyoelewa, vipimo hivi huhesabu herufi ngapi zimempita mtoto, mara ngapi amebonyeza pasipotakiwa, na kasi yake inavyoyumba. Uingereza, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, ilikubali mwaka 2024 kipimo kiitwacho QbTest, ambacho hutumia pia kamera kupima mtoto anavyotikisika, kisaidie kutambua ADHD kwa wenye miaka 6 hadi 17. Kisaidie, pamoja na uchunguzi wa daktari. Na mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, DSM-5, unataka dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu angalau miezi 6, na zinaonekana sehemu zaidi ya moja. Mambo hayo anayajua mtu anayeishi na mtoto. Ndani ya dakika 14 utayaonaje? Darasani kwao wako zaidi ya 80, wanne dawati moja. Kwenye kile chumba alikuwa peke yake na kitu kipya.

Sitaki mwanangu abandikwe ugonjwa asionao. Pengine ni masikio, pengine ni usingizi, pengine ni jambo jingine kabisa. Lakini nami sikubali kwamba yameisha.

Naomba unishauri. Nimrudishe kwenye kipimo hichohicho, au nianze upya hospitali ya rufaa nikiwa na daftari zake na barua ya mwalimu? Je, mtoto anaweza kufanya vizuri kwenye kompyuta na bado akawa na ADHD? Na baba yake nimweleweshe vipi bila kuonekana namdharau mbele ya mtoto? Shule zinafunguliwa Jumatatu, na amesema atakwenda mwenyewe kumwambia mwalimu asimbembeleze tena.

Mama wa darasa la tatu,
Uyole, Mbeya