Kabla hujafunga kizibo: baridi ya Mbeya na bia ambayo haijamaliza kuchachuka

Kuanzia Juni hadi Agosti, simu zinazoingia dukani kwetu hapa Mwanjelwa, tunapouza vizibo vya chupa na kukodisha mashine za kuvifunga, huwa za aina mbili. Ya kwanza: "Bia yangu ina wiki tatu kwenye chupa, gesi hakuna kabisa." Ya pili huja baadaye, mara nyingi kutoka kwa mtu aliyeshuka na kreti zake hadi Kyela au Dar es Salaam: "Chupa zinapasuka." Wote wawili huuliza kama vizibo ni vibovu au mashine haikukaza. Mara nyingi kizibo hakina kosa. Chanzo ni baridi, na dawa yake inatakiwa ianze kabla hujajaza hata chupa moja.

Hamira inayotumika kwenye bia nyingi za kupika nyumbani hufanya kazi vizuri kwenye nyuzijoto 18 hadi 22. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na chumba kisicho na moto usiku wa Julai hushuka chini ya hapo bila shida. Njombe na Makete ndiyo usiseme. Hamira ikipoa sana haifi, inalala. Inatulia chini ya ndoo, mapovu kwenye kibomba cha kutolea gesi yanakoma, bia inaanza kung'aa kwa juu. Ukiitazama kwa macho utaapa imeiva, kumbe ndani bado kuna sukari ya kimea ambayo haijaliwa.

Ukiifunga katika hali hiyo, kitakachofuata kinategemea chupa zinakwenda wapi. Zikibaki kwenye stoo yenye baridi, hamira inaendelea kulala na bia inabaki bapa. Zikifika kwenye joto la Kyela, inaamka na kula kila kitu kwa mpigo: sukari uliyoiongeza wakati wa kujaza, pamoja na ile iliyokuwa imebaki. Gesi haina pa kutokea.

Hesabu yake ni hii. Haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea, husoma 1.000 kwenye maji matupu, na namba hupanda kadiri sukari inavyozidi. Tuseme bia yako ilitakiwa ishuke hadi 1.010 lakini imesimama kwenye 1.018. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ni karibu gramu 16 za sukari katika kila lita. Sukari ya kuleta gesi kwenye chupa ni gramu 6 hadi 7 tu kwa lita. Maana yake umeingiza zaidi ya mara mbili ya dozi nzima bila kujua, halafu ukaongeza na dozi yenyewe juu yake. Hakuna chupa ya bia iliyotengenezwa kubeba mzigo huo kwa usalama.

Kwa hiyo usiamini mapovu, wala usihesabu siku. Pima. Kama chumba chako kina baridi, kwanza hamishia ndoo mahali penye joto, karibu na jikoni lakini si pembeni ya moto, izungushie blanketi, na uitikise taratibu bila kuifungua ili hamira iliyolala chini inyanyuke. Iache kwenye nyuzi 20 hivi kwa siku tatu au nne. Ndipo upime, usubiri siku tatu, upime tena. Namba zikifanana, na ziko karibu na pale mapishi yako yalipotakiwa kuishia, funga. Zikitofautiana hata kidogo, subiri. Tunajua sherehe ina tarehe yake na wageni wameshaalikwa. Bado tunakuomba usubiri, kwa sababu kioo kinachoruka hakichagui jicho la nani.

Sukari ipimwe kwa mizani, si kwa kijiko katika kila chupa. Vijiko havilingani, na ndiyo maana kreti moja inakuwa na chupa bapa na nyingine inayomwaga povu hadi nusu. Kwa lita 20 chukua gramu 120 hadi 140 za sukari ya kawaida ya mezani, ichemshe kwenye vikombe viwili vya maji, ipoe, kisha imwage kwenye ndoo safi na uvutie bia juu yake kwa mpira. Mpira ukae chini kabisa, bia izunguke polepole na kujichanganya yenyewe. Ikianguka kwa kurukaruka inameza hewa, na baada ya wiki chache inaanza kuwa na ladha ya karatasi iliyolowa. Bia iliyochachukia kwenye baridi hubaki na gesi nyingi kidogo kuliko ya joto, kwa hiyo huku kwetu gramu 120 ndiyo tunayopendekeza.

Chupa bora ni zile za kahawia zenye kioo kizito, zilizotengenezwa kwa kujazwa tena na tena. Rangi ya kahawia ina kazi: mwanga wa jua ukiigusa bia yenye hopsi, yale maua yanayoipa uchungu, huleta harufu mbaya ambayo haitoki. Chupa za mvinyo wa kawaida na za pombe kali hazikuundwa kubeba gesi, hata zikionekana imara, na zile zenye mdomo wa kusokota hazishiki kizibo cha kubana. Chupa za jamu, ambazo watu hutuletea, tunazirudisha mlangoni.

Zioshe, kisha ziloweke dakika 20 kwenye dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, kijiko kimoja kikubwa kwa lita 4 za maji, halafu suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Usichanganye dawa hiyo na siki wala sabuni nyingine. Kabla ya kujaza, pitisha kitambaa cha pamba kuzunguka mdomo wa kila chupa. Kikinasa mahali, hapo pamepasuka, hata kama jicho halioni. Itupe. Mdomo uliomeguka hauwezi kushika kizibo, na ukiubana na mashine unaweza kukatikia mkononi.

Jaza hadi ibaki nafasi ya sentimita 2.5 hivi juu. Sasa kizibo chenyewe, hicho ambacho watoto wanakiita kisoda. Ni uvumbuzi wa William Painter wa Baltimore, Marekani, mwaka 1892. Vya kwake vilikuwa na meno 24, vya leo vina 21, na kipenyo kilichozoeleka ni milimita 26. Ukigeuza kimoja utaona utando mwembamba ndani: huo ndio unaozuia gesi, chuma kazi yake ni kuushikilia tu. Ndiyo maana kizibo kilichofunguliwa kwa opena hakirudiwi. Kimepinda, na utando umeshakatwa na mdomo wa chupa ya kwanza.

Tunakodisha mashine za aina mbili. Ya mikono miwili hukamata shingo ya chupa chini ya ukingo, na inataka chupa iwe na ukingo mpana wa kushikia. Ya mezani husukuma kutoka juu, haijali shingo, na kwa mtu mwenye chupa nyingi haimchoshi mabega. Kwa yoyote ile, shusha mkono kwa mwendo mmoja hadi mwisho, bila kupiga. Kizibo kilichofungwa vizuri kina meno yaliyolala sawa pande zote na hakizunguki ukikisokota kwa vidole. Fanya jaribio na chupa ya maji kwanza, uilaze juu ya karatasi kavu usiku mmoja. Karatasi ikilowa, rudi kwetu na mashine tuirekebishe.

Chupa moja katika kila pishi jaza ya plastiki, ile ya soda, na uiweke pamoja na nyingine. Ibonyeze kila siku. Ikianza laini na kukaza polepole ndani ya wiki mbili au tatu kwenye chumba cha nyuzi 20, mambo yanakwenda vizuri. Ikiwa ngumu kama jiwe siku ya nne, funika kreti nzima kwa gunia zito, ipeleke mahali pa baridi na utupigie kabla hujaigusa tena. Chupa zote, hata zile unazoziamini, zikae kwenye kreti iliyofunikwa, mbali na njia ya watoto.

Wengi kutoka Iringa na Njombe wanatuuliza kuhusu ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi: je, unaweza kufungwa kwa kizibo? Hapana, si ukiwa hai. Unachachuka tangu unapodondoka kwenye mbeta, chombo cha kukingia, na mtogwa, yaani ulanzi mtamu uliogemwa karibuni, wa asubuhi si ule wa jioni, na hakuna namba ya haidromita ambayo itasimama ili ufunge kwa amani. Komoni na kimpumu, pombe za nafaka, ni vivyo hivyo. Vinywaji hivi vinatakiwa kupumua, na vinywewe vikiwa vibichi.

Na kama unafikiria kuuza, vizibo si hatua ya kwanza. Unahitaji leseni ya vileo na uthibitisho wa ubora wa TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Tunasaidia mtu anayepikia familia na wageni wake.

Kipimo hatutozi. Kabla hujanunua vizibo, chukua nusu lita ya bia kutoka kwenye ndoo yako kwa kikombe kisafi, iweke kwenye chupa isiyokazwa sana, na uje nayo dukani pamoja na namba ya haidromita ya siku uliyoanza kupika, kama uliiandika. Tutaipima mbele yako, tutakuonyesha jinsi ya kusoma ile mistari, na ukirudi baada ya siku tatu tutalinganisha. Kama haijaiva hatutakuuzia vizibo siku hiyo. Tutakuwekea pembeni.