Basel: mto kwanza, makumbusho baadaye

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya safari kuhusu mji wa Basel, Uswisi, iliwashauri wasomaji wapande meli ya watalii ili wapate picha, na joto likizidi waingie mtoni popote penye ngazi. Ushauri wa kwanza ni wa kupoteza pesa tu. Wa pili unaweza kuua mtu. Sisi tunaowatembeza wageni hapa tunaomba nafasi ya kusahihisha, hasa kwa kuwa Watanzania wanaofika Basel si wachache: taasisi ya afya ya kitropiki ya hapa imeshirikiana na Ifakara tangu miaka ya 1950, na anayekuja kwa warsha mara nyingi hubakiwa na siku moja tu ya kutembea.

Mto Rhine unaingia mjini kutoka mashariki, kisha unapinda kuelekea kaskazini. Ukiteremka na maji, kushoto kwako ni Grossbasel, ukingo wa juu wenye kanisa kuu. Kulia ni Kleinbasel, ukingo wa chini. Anzia Kleinbasel, tena asubuhi, maana wakati huo jua linalipiga kanisa upande wake wa mtoni. Jioni utaambulia kivuli.

Kisha panda kivuko. Viko vinne, na hakuna chenye injini. Waya mnene wa chuma umevutwa juu ya mto toka ukingo mmoja hadi wa pili; juu ya waya linatembea kapi, na kutoka kwenye kapi inashuka kamba ndefu iliyofungwa kwenye chombo. Nahodha akitaka kuondoka huhamishia kamba upande wa pili kwa wenzo, anakata usukani, chombo kinakaa mshazari na maji yanakipiga ubavuni. Kamba haikiachii kichukuliwe na mkondo, basi njia pekee inayobaki ni kwenda kando, hadi ng'ambo. Mkondo ukiwa mkali kinavuka upesi. Maji yakipungua kinajikokota. Mto ukifurika, kazi inasimama. Nauli ni kama faranga mbili, unamlipa nahodha mwenyewe, kwa hiyo uwe na sarafu. Usiulize ratiba, kinakwenda na kurudi kadiri watu wanavyotokea, ingawa majira ya baridi saa za kazi hupungua sana. Chagua kile kiitwacho Leu, kinachotua chini ya kanisa kuu, na ukae nje, si ndani ya kibanda.

Ukishuka, panda ngazi hadi uwanja wa Pfalz nyuma ya kanisa. Mawe yake ni mekundu. Tetemeko la Oktoba 18, 1356 liliangusha minara, na minara miwili inayoonekana leo ilikamilika mwaka 1500. Erasmus wa Rotterdam, aliyefia mjini hapa mwaka 1536, amezikwa ndani. Kwa sababu za usalama hairuhusiwi kupanda mnarani peke yako; tafuta mwenzako hata mlangoni.

Sasa kuogelea, maana hapo ndipo makala ilipopotoka zaidi. Wenyeji huogelea mtoni kiangazi chote, lakini kwa utaratibu. Ni upande wa Kleinbasel tu, ndani ya eneo la maboya, kuanzia karibu na Makumbusho ya Tinguely, na uwe umetoka kabla ya daraja la Dreirosen. Upande wa pili na katikati ni njia ya meli za mizigo zenye urefu wa zaidi ya mita 100, na meli ya namna hiyo haiwezi kukukwepa. Nguzo za madaraja, maboya na boti zilizofungwa ni hatari kuliko zinavyoonekana: mkondo unakubana juu yake na kukuvuta chini. Ukitaka kutoka, anza kusogea ukingoni mapema, ngazi zikiwa bado mbali mbele yako. Anayengoja afike usawa wa ngazi, amekwisha kuzipita. Nguo na simu hutiwa kwenye mfuko wa Wickelfisch, wenye umbo la samaki. Mdomo wake unakunjwa mara saba ndipo unafungwa, na wanaokunja mara tatu ndio wanaotoka na simu zilizolowa. Mfuko huo si boya la kujiokolea. Na aliyezoea bahari ya Tanga au Mombasa akumbuke kwamba maji haya hayana chumvi, hayaubebi mwili vile. Asiyejua kuogelea vizuri abaki ukingoni.

Makumbusho ya sanaa, Kunstmuseum, hufungwa Jumatatu. Siku hiyo panda tramu namba 6 hadi Riehen, kwenye Fondation Beyeler, iliyo wazi kila siku. Lakini Kunstmuseum msiikose: mwaka 1967 wananchi walipiga kura serikali yao itoe faranga milioni sita kununua picha mbili za Picasso, naye akafurahi, akawaongezea kazi nne bure. Ni miji michache inayopigia kura picha.

Uwanja wa ndege uko kwenye ardhi ya Ufaransa na una milango miwili ya kutokea. Toka wa Uswisi, upande basi namba 50 hadi kituo cha Basel SBB. Ukitokea wa Ufaransa utajikuta Saint-Louis. Hoteli hukupa BaselCard, inayolipia tramu na mabasi mjini; siku ya kufika, karatasi ya kuthibitisha chumba inatosha kukufikisha hotelini.

Tramu namba 8 inavuka hadi Weil am Rhein, Ujerumani, ambako vitu ni nafuu. Viza ya Schengen ya kuingia mara moja haiathiriki, ila beba pasipoti. Tangu Januari 2025, bidhaa za zaidi ya faranga 150 kwa mtu hutozwa kodi ukirudi, na nyama isizidi kilo moja. Zima data ya simu karibu na mpaka, kwa sababu simu hudaka mtandao wa jirani na salio likaisha. Plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii hapa, wala adapta nene ya duara ya Kijerumani; nunueni ile nyembamba ya pini mbili.

Wasomaji wenu,
Basel, Uswisi