Chungu cha kununua kisipewe maksi za sanaa

Ndugu Mhariri,

Nauza vyungu, mitungi na vyetezo hapa Kisesa, nje kidogo ya Jiji la Mwanza, na vingine nafinyanga mwenyewe. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo shule zikilifuata litanipunguzia wateja.

Kuna wiki ambazo jioni wazazi wananijia mbiombio, wengine bado na sare za kazini, wakitafuta "chungu cha shule". Mwalimu kaagiza kila mtoto aje na chungu kesho, ni kazi ya mikono na ina maksi. Mtu katoka kibaruani saa kumi na mbili, atafinyanga saa ngapi? Anafungua pochi. Juzi juzi dada mmoja alikataa kila nilichomwonyesha. Vizuri mno, akasema, mwalimu hataamini. Akaniomba nimtafutie kilichopinda. Nilikuwa nacho kimoja, mdomo umelala upande kama kofia ya mlevi, nimekitenga nikitwange. Akakilipia bei ya kizima, na mwanawe akaanza kukichora jina kwa msumari palepale. Chungu kilishachomwa, msumari unateleza tu, mtoto anatoa jasho.

Hela nilipokea. Ila maksi atakazopewa mtoto yule, Mhariri, ni zangu.

Na mtoto hajaambulia kitu, maana somo la ufinyanzi linaanzia shimoni. Udongo mweusi wa mbuga, huu unaopasuka nyufa za kumeza mguu wakati wa kiangazi, haufai peke yake: ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na chombo kinapasuka. Luseni, udongo wa huko juu kwenye mawe, ni mchanga mtupu, haishikani. Tunaotafuta ni ule wa bondeni unaonata. Unauviringisha kamba nyembamba, unaizungushia kidoleni, isipokatika, umepata. Kipimo hicho mtoto wa darasa la tatu anakiweza, na hakina gharama.

Baada ya hapo udongo unalowekwa, unachambuliwa mizizi na changarawe, unachanganywa na vigae vya vyungu vilivyotwangwa. Vigae vinapunguza kusinyaa na kuyaachia maji njia ya kutokea. Kisha unakandwa mpaka hewa iishe. Ukitaka kuunga mkono wa kikombe, unakwaruza pande zote mbili na kupaka uji wa udongo, la sivyo utabanduka ukikauka. Kukausha ni kivulini, polepole. Mwalimu akianika kazi za watoto juani ili ziwahi, mdomo unatangulia kukauka kuliko kitako, na nyufa ndiyo majibu yake.

Kwenye sanamu, wala watoto wetu hawahitaji kuhimizwa. Usukumani wachungaji wadogo wamefinyanga ng'ombe wa udongo malamboni tangu zamani, na nundu na pembe, bila mwalimu. Shule ianzie hapo: ng'ombe, sato, mtumbwi. Shida ya ng'ombe hao ni kwamba wamejaa ndani. Ukimtia motoni, maji yaliyojificha katikati yanageuka mvuke, yanakosa pa kutokea, analipuka na kuvunja vya jirani. Kwa hiyo unamchokonoa tumbo, unaacha ukuta usiozidi unene wa kidole, unatoboa na tundu la kupumulia. Nawahakikishia, mtoto ambaye ng'ombe wake amelipuka atakumbuka habari za mvuke hata baada ya mtihani.

Watu wananiambia shule haina tanuri la umeme. Wafinyanzi wa kale wa Ziwa Victoria hili hawakuwa nalo. Vyungu vya Urewe, vinavyoitwa kwa jina la mahali kule Siaya, Kenya, na ambavyo vimechimbwa pia Katuruka mkoani Kagera, vina zaidi ya miaka 2,000, na vigae vyake bado vinaonyesha mistari ya shingoni. Vingi vina kibonyeo chini ya kitako. Sisi tunachomea kwenye shimo la kina kifupi, kwa nyasi, kinyesi kikavu cha ng'ombe na pumba za mpunga, ambazo mashine za kukoboa zinazo chungu nzima. Hakuna mti unaokatwa. Moto unaanza mdogo, unakolezwa mpaka vyombo viwe vyekundu; kisichofika nyuzi 600 hivi, ukikitia maji kinarudi kuwa tope. Moto awashe mtu mzima, watoto wakae mbali, na vyombo visiguswe mpaka vipoe.

Mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 inasisitiza ujuzi, sekondari kuna mkondo wa amali, yaani wa ufundi wa kazi, na hapa Mwanza tuna Chuo cha Ualimu Butimba kinachoandaa walimu wa sanaa. Basi kazi ifanyikie darasani. Beseni moja la udongo lililofunikwa gunia bichi linatosha kundi kwa muhula, kwa sababu kilichoharibika kabla ya kuchomwa kinalowekwa na kuanza upya. Mwalimu atoe maksi akiona vidole vinavyofanya kazi. Kilichopasuka nacho kipate maksi, mradi mtoto aeleze kimepasuka kwa nini. Wanaosema sare zitachafuka, sabuni ni rahisi kuliko chungu changu.

Tena mfinyanzi aalikwe, na alipwe, siyo apewe soda. Mabasi ya shule yanakuja Bujora kwenye Makumbusho ya Wasukuma, watoto wanatazama ngoma, wanapiga picha, wanageuza. Sijawahi kuona hata moja likisimama kwa mtu ambaye mikono yake iko kwenye udongo saa hiyohiyo.

Mwalimu wa shule yoyote ya karibu anayetaka udongo aje na ndoo, nitampa bure na kumwonyesha tunapochimba. Aje kabla ya masika tu. Mvua zikikolea, bondeni hakuingiliki.

Mfinyanzi na muuza vyungu,
Kisesa, Mwanza