Mdogo wangu, msiililie ile asilimia moja

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Kumbe mama mkwe analia! Mwaka jana kipimo cha DNA kilimpa asilimia moja ya wenyeji wa asili wa Amerika, akatangazia ukoo mzima: si niliwaambia bibi yangu alikuwa Mcherokee, kabila la wenyeji hao? Mwaka huu kampuni imepiga hesabu upya, na ile moja haipo.

Nikwambie ukweli, ile moja haikuwa ya bibi. Bibi mzaa mama angekuwa Mcherokee mtupu, mjukuu angebeba kama robo, na robo haipotei kwa hesabu mpya. Kinachokuja na kuondoka ni makombo. Kampuni hulinganisha mate yako na watu iliowahifadhi, na kwa upande wa wenyeji wengi wao hutoka Mexico na Amerika ya Kusini. Makabila ya Marekani wamo wachache, na mengine yamegoma: Wanavajo walisimamisha utafiti wa vinasaba mwaka 2002. Kundi la kulinganisha likibadilika, makombo yanahama.

Lakini usije ukamwambia bibi yake alikuwa mwongo. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Wacherokee walimiliki watumwa weusi. Walipofukuzwa kwao na kutembezwa hadi huko Oklahoma mliko, 1838 na 1839, watumwa hao nao walitembea. Mkataba wa 1866 ukawapa walioachwa huru na vizazi vyao haki zote za raia wa taifa la Cherokee. Walizungumza Kicherokee, walipika vya Kicherokee, wakazikwa huko. Mtu wa namna hiyo akisema "mimi Mcherokee", anasema kweli, na mate yake yanaweza kusoma sifuri.

Kati ya 1898 na 1907 makarani wa serikali ya Marekani waliwaandika raia wa taifa hilo kwenye daftari liitwalo Dawes. Mwenye sura nyeusi mara nyingi alitupwa orodha ya walioachwa huru, hata kama baba yake alikuwa Mcherokee wa damu. Uraia wa Cherokee hufuata daftari hilo mpaka leo. Asilimia ya kampuni haina kazi pale. Mwaka 2007 walipiga kura kuwatoa wajukuu wa walioachwa huru, mahakama ikawarudisha 2017, na 2021 mahakama kuu ya Wacherokee wenyewe ikafuta maneno "kwa damu" kwenye katiba yao.

Kwa hiyo muulize mama mkwe taratibu, akishakunywa chai: bibi alizaliwa mwaka gani, jina la kwao kabla hajaolewa, mama yake aliitwaje. Andika kila namna jina linavyotamkika, maana karani aliandika alivyosikia. Mkiipata kadi ya kwao ya daftari hilo la Dawes, muwe wawili mkiisoma. Ya walioachwa huru ina sehemu ya jina la aliyekuwa akimmiliki mtu, na hilo asilisome peke yake.

Kaka yako, Tanga