Kwa somo yangu wa Dubai: kioo gani cha kupigia visahani

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Surrey, Uingereza, tu wazima, alhamdulillahi, na mvua ni ile ile uliyoikimbia. Nimefurahi kusikia umeingia kwenye mchezo wa visahani, huu wa kuvipiga kwa bunduki vinaporushwa hewani na mtambo. Nilijua tu, nchi ambayo medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ile dhahabu ya Sheikh Ahmed bin Hasher kule Athens mwaka 2004, ilitokana na bunduki ya marisawa, haiwezi kukuacha uishi kwa kutazama. Picha ya lile boksi la vioo vitano vya miwani ya kupigia nimeiona pia: njano, chungwa, zambarau, kijivu na kisicho na rangi. Muuzaji anataka ubebe vyote. Mimi mwenyewe nauza miwani, somo, na kwa bei ile nisingevibeba vyote.

Kabla ya rangi, geuza kioo utafute maandishi madogo. Kilichopimwa kwa kanuni ya Ulaya ya EN 166 kitakuwa na maandishi hayo na herufi F, maana yake kimepigwa na gololi ya chuma ya milimita 6 inayokwenda mita 45 kwa sekunde na kikahimili. Cha Kimarekani kitaandikwa Z87 na alama ya kujumlisha. Kisahani kikipasuliwa juu, vipande vyake hurudi chini, na mara nyingine hurudi pale ulipo. Kisicho na alama hizo mwachie mwenyewe, hata kiwe na rangi ya kuvutia namna gani. Wala asikudanganye kwamba cheusi ndicho kinachokinga miale ya urujuanimno. Polikaboneti, ile plastiki ngumu ya vioo vya namna hii, hata isiyo na rangi kabisa, huizuia karibu yote.

Sasa rangi. Ninalotaka ulishike ni hili: vaa kioo chenye rangi nyepesi kuliko vyote unavyoweza kuvaa bila kukunja uso. Najua kwa jua la huko hamu yako itakuwa kuvaa cheusi tititi, lakini kioo kikizidi weusi, mboni hufunguka kutafuta mwanga, na mboni iliyofunguka sana haioni kingo za vitu vizuri. Kisahani kina upana wa milimita 110 tu. Kikishafika mita 30 na ushei na bado kinakimbia, hicho kiukingo chake cha mbele ndicho unachohitaji kukiona. Ukiona duara lenye ukungu utapiga nyuma yake kila mara, kisha utailaumu bunduki.

Weusi wa kioo huandikwa kwa daraja, 0 hadi 4. Daraja 2 hupitisha asilimia 18 hadi 43 ya mwanga, daraja 3 asilimia 8 hadi 18. Daraja 4 ni ya theluji na milima mirefu, na haifai kuendeshea gari hata mchana. Kwa jua la saa tisa huko kwenu ningeanza na 2, nione kama unavumilia, ndipo nifikirie 3.

Na hakuna rangi inayoongeza mwanga. Najua njano humfanya mtu aape kwamba kumekucha, lakini nayo inapunguza kama nyingine zote. Inachofanya ni kuzuia bluu, na bluu ndiyo mwanga unaotawanyika zaidi hewani na unaolipa jicho tabu zaidi kuukusanya mahali pamoja na rangi nyingine. Ukiutoa, vitu vinaonekana vimesafishwa. Kwa asubuhi za ukungu za huko wakati wa baridi, njano itakufaa. Jua likishatoka, ivue.

Kwa hiyo swali si rangi ipi nzuri, ni nini unataka kukififisha. Huku kwetu watu watakuapia zambarau, na wana haki. Nyuma ya visahani vyetu kuna miti, kijani kibichi kutoka chini hadi juu, na visahani vingi ni vya rangi ya chungwa. Zambarau inameza kijani na kuachia wekundu upite, basi miti inazama gizani na kisahani kinabaki kinawaka. Nikiivaa msituni naona raha kabisa. Lakini wewe, somo, miti iko wapi? Kwenye picha uliyonitumia nyuma ya uwanja ni tuta la mchanga, na juu yake mbingu. Zambarau huko itakuwa inatafuta kijani cha kumeza isikione, na huku inaupitisha ule ubluu wa mbingu ambao ndio ungetaka upungue.

Wewe ningekuchagulia kahawia yenye wekundu kidogo, rangi ya chai ya mkandaa, ambayo kwenye lile boksi haimo. Kahawia hiyo inakata bluu, mbingu inatulia, kisahani cha chungwa kinajitenga nayo. Tatizo lako ni pale kinaposhuka chini ya ukingo wa tuta, maana chungwa na mchanga ni ndugu na hakuna kioo kitakachowagombanisha sana. Hapo dawa ni kukipiga mapema kikiwa bado juu. Kama uwanja wenu unarusha visahani vyeusi, mambo ni mepesi zaidi: cheusi mbele ya mbingu angavu utakiona kama kivuli, na kijivu au kahawia vyote vitakutosha. Kijivu kina sifa ya kutobadilisha rangi za vitu. Kinapoza jua na kukuachia dunia ilivyo.

Umesema mara nyingi mnapiga baada ya Isha chini ya taa. Basi kwa hizo saa vaa kisicho na rangi, na muuzaji asikubabaishe na njano. Usiku hakuna mwanga wa kutupa. Wakati wa kurudi nyumbani pia angalia usije ukajisahau ukaendesha gari na kioo cha rangi usoni. Kinachopitisha chini ya asilimia 75 hakifai barabarani usiku, na vile vyekundu vinaweza kukuchanganya kwenye taa za barabarani hata mchana.

Vya polaraizi, vile vya wavuvi, viache. Vinazima mng'ao wa maji, lakini mbinguni hutia giza upande mmoja na mwingine kuuacha, na ukigeuza kichwa kufuata kisahani lile giza linahama nawe. Vinavyojibadilisha vyenyewe juani navyo ni vizuri kwa sokoni. Kwa kupiga, huchelewa.

Kuhusu macho yako ya kuona mbali, usivae rangi juu ya miwani ya kawaida, utaona vioo viwili vinapigana mng'ao. Mwambie fundi akutengenezee vioo vyenye namba yako, na umwonyeshe jinsi unavyolaza shavu kwenye kitako cha bunduki. Kichwa kikiinama hivyo hutazami tena katikati ya kioo, unatazamia juu yake karibu na pua, na fremu ikikaa chini utakuwa unalenga kupitia ukingo wake. Hili watu wengi hawaelezwi, na mimi naliona kubwa kuliko rangi.

Usinunue chochote chini ya taa za dukani. Muulize kama unaweza kuazima, nenda uwanjani saa zako za kawaida, simama nyuma ya wanaopiga bila bunduki, uvae kila kimoja dakika kadhaa mpaka jicho lizoee, uangalie kisahani unakiona mapema kiasi gani baada ya kutoka mtamboni. Kinachokupa kukiona mapema ndicho chako, hata kama mimi nimesema kingine.

Mimi nasema viwili: kahawia ya daraja 2 kwa mchana na kisicho na rangi kwa usiku. Nitumie picha nyingine ya uwanja uliyoipiga alasiri, na uniandikie jua linakuwa upande gani mnapopiga, maana likiwa usoni mwenu nitabadili shauri. Nisalimie nyumbani wote, na huyo binti yako mwambie deni la halwa bado nalikumbuka.

Ni mimi somo yako,
Surrey